Maswali ya Wasomaji: Mpiga Dramsi Yupi wa Ramones Amefariki, na Yupi Amezushiwa?

Barua nyingi za safari hii zimegusa muziki wa panki: nani amekufa, nani amezushiwa, na kwa nini redio moja haiwatoshi baba na binti sebuleni. Tumejibu sita.

Wahariri, shikamooni. Nimenunua fulana nyeusi ya Ramones kwenye mitumba, ina picha ya tai na majina manne yamezunguka duara. Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu kaandika "mpiga dramsi wa Ramones amefariki" na watu wakaanza kumwaga pole. Mjomba wangu akasema hao walishakufa wote zamani sana. Nimshike nani? Kijana, Mwanza

Marahaba. Anza na hiyo fulana yako, maana nusu ya jibu imeandikwa kifuani. Soma majina. Kama ni Johnny, Joey, Dee Dee na Tommy, hao ndio wanne waliotengeneza albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, mwaka 1976, na ni kweli wote wametangulia mbele ya haki. Joey, mwimbaji, alifariki Aprili 2001 kwa saratani ya limfu. Dee Dee, mpiga besi, Juni 2002 kwa kuzidisha heroini. Johnny, mpiga gitaa, Septemba 2004 kwa saratani ya tezi dume. Tommy, mpiga dramsi, Julai 11, 2014, kwa saratani ya mirija ya nyongo. Kwa hiyo mjomba wako yuko sahihi kwa fulana hiyo. Kwa bendi nzima hayuko sahihi.

Ramones walianza mwaka 1974 mtaa wa Forest Hills, Queens, jijini New York, wakavunja bendi mwaka 1996. Katika miaka hiyo 22 kiti cha dramsi kilikaliwa na watu watano. Ndiyo maana ujumbe unaosema "mpiga dramsi wa Ramones" bila kutaja jina haujakwambia lolote. Wa kwanza kabisa alikuwa Joey mwenyewe, kabla hajahamia kwenye maikrofoni. Akafuata Tommy, mzaliwa wa Budapest, jina lake halisi Tamás Erdélyi. Yeye alikuwa meneja, na alikaa kwenye dramsi kwa sababu kila waliyemjaribu alipiga madoido mengi kupita walivyotaka. Mwaka 1978 Tommy alichoka na safari akabaki studio kama mtayarishaji, na nafasi yake akaichukua Marc Bell wa Brooklyn, ambaye dunia inamjua kama Marky Ramone. Marky alifukuzwa mwaka 1983, akaingia Richie, yaani Richard Reinhardt, hadi 1987. Richie alipoondoka ghafla aliitwa Clem Burke wa bendi ya Blondie, akapewa jina la Elvis Ramone, akapiga maonyesho mawili tu. Kisha Marky akarudi, akabaki hadi mwisho. Hawakuwa ndugu hata mmoja. Jina Ramone walilivaa wote kama jina la ukoo wa bendi, na hilo linazidi kuwachanganya watu.

Sasa angalia uvumi unavyozaliwa. Tommy alipofariki, taarifa zilisema ameondoka wa mwisho kati ya waanzilishi wanne. Habari ikipita mikono mitatu, neno "waanzilishi" linadondoka njiani na kubaki "Ramone wa mwisho amefariki". Aprili 6, 2025 akafariki Clem Burke kwa saratani. Mtu akasoma kwamba marehemu aliwahi kupiga dramsi Ramones, akatafuta picha ya mpiga dramsi wa Ramones mtandaoni, na picha inayotokea mbele mara nyingi ni ya Marky mwenye nywele ndefu nyeusi. Hapo Marky anakuwa ameuawa na watu wasiomtakia ubaya wowote. Hadi tunakwenda mitamboni, Marky na Richie hawajatangaziwa msiba. Yupo pia C.J., aliyechukua besi ya Dee Dee mwaka 1989.

Waombe wenzako kwenye kundi wafute ile picha, na kama walikuwa wanamlilia Clem Burke, pole zao zibaki. Anastahili. Mdundo wake ndani ya Blondie ni darasa tosha kwa mtu yeyote anayeshika vijiti.

Fulana yangu ina jina la Marky mahali pa Tommy. Muuzaji kaniambia ni feki. Msomaji, Nakuru

Jina peke yake halithibitishi ufeki. Nembo hiyo ilichorwa na Arturo Vega, mchoraji aliyekuwa na bendi tangu mwanzo, akiigiza muhuri wa rais wa Marekani. Badala ya tawi la mzeituni tai ameshika tawi la mtufaa, na badala ya mishale ameshika rungu la besiboli, kwa kuwa Johnny aliupenda mno mchezo huo. Bendi ilipobadilisha watu, majina kwenye duara nayo yalibadilika, kwa hiyo yapo matoleo halali yenye Marky na yenye C.J. pia. Ukitaka kujua umri wa fulana, acha maandishi ya mbele, tazama lebo ya shingoni na mishono: fulana nyingi za Marekani za miaka ya 1970 na 1980 zina mshono mmoja kwenye pindo la mkono na la chini, za baadaye zina mishono miwili sambamba. Hiki ni kidokezo cha umri tu, si cheti.

Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha muziki cha usiku katika redio ya jamii. Habari za vifo vya wanamuziki wa nje huingia tukiwa hewani na wasikilizaji wanatuma ujumbe kwa pupa. Nifuate hatua gani kabla ya kutamka? Mtangazaji, Mombasa

Kwanza tafuta jina la kuzaliwa. Wanamuziki wengi wa panki walijibatiza majina ya jukwaani, na wakati mwingine taarifa rasmi hutumia lile la kwenye cheti. Usitafute "Tommy Ramone" peke yake, tafuta pia Thomas Erdelyi. Usitafute "mpiga dramsi wa Dead Kennedys", tafuta D.H. Peligro, kisha Darren Henley. Bendi hiyo ina neno la kufa ndani ya jina lake, na mashine za kutafutia zitakuletea uchafu mwingi ukiandika kwa ujumla.

Pili tafuta msemaji. Habari ya kweli ya kifo ina mtu aliyeisema: familia, meneja, bendi kwenye ukurasa wake rasmi, au hospitali. Peligro alipofariki Oktoba 28, 2022, bendi yenyewe ndiyo iliyotoa taarifa, ikaeleza kwamba alianguka nyumbani kwake Los Angeles na kuumia kichwa. Unaona vitu vinne pale: nani anasema, lini, wapi, kwa sababu gani. Uvumi kwa kawaida una kimoja au hauna kabisa, na sehemu ya "nani anasema" hujazwa na "imeripotiwa".

Tatu, soma tarehe ya habari yenyewe, siyo tarehe uliyotumiwa. Hili linawaumiza watangazaji kuliko yote. Taazia ya mwaka 2014 ikisambazwa upya leo inaonekana mbichi kabisa kwenye simu, kwa sababu WhatsApp huonyesha saa ya kutuma tu. Fungua kiungo, shuka hadi mwaka. Kama ulichotumiwa ni picha ya skrini isiyo na kiungo, ihesabu haipo.

Nne, Wikipedia itumie kwa kuangalia historia ya mabadiliko ya ukurasa. Ukikuta tarehe ya kifo imeingizwa, ikafutwa na kurudishwa ndani ya saa moja, na hakuna chombo cha habari kilichotajwa chini yake, ujue watu wanavutana na hakuna mwenye ushahidi.

Tano, vyombo viwili vinavyonukuu chanzo kimoja ni chanzo kimoja. Kumbuka siku ya Oktoba 2, 2017. CBS ya Marekani ilitangaza kifo cha mwanamuziki wa roki Tom Petty ikitegemea polisi wa Los Angeles, wengine wakaidaka, na polisi baadaye wakasema taarifa ile ilitolewa kwa makosa. Petty alikuwa bado yu hai hospitalini. Alifariki usiku ule ule, na tangazo la kweli likatoka kwa meneja wake. Hakuna aliyezusha kwa nia mbaya. Walitamka mapema tu, wakati familia yake ikiwa bado kando ya kitanda. Kwa upande mwingine mwimbaji wa roki Jon Bon Jovi, alipozushiwa kifo Desemba 2011, alijibu kwa kupigwa picha akiwa ameshika kibao chenye tarehe na saa ya siku hiyo. Msanii aliye hai kwa kawaida huonekana ndani ya siku moja, kwa hiyo kusubiri hakukupotezei kitu.

Ukiwa hewani na hujapata msemaji, usiseme "inasemekana amefariki, tutawathibitishia". Msikilizaji atabaki na "amefariki" na kuzima redio. Piga wimbo wake bila maelezo, endelea kutafuta. Ukishathibitisha, soma jina lote, umri, bendi na miaka aliyokuwamo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa walio hai wasichanganywe na marehemu.

Habari za kazi. Najifunza dramsi mwezi wa nne sasa na nataka kupiga kama Ramones. Ikifika dakika moja mkono wa kulia unakuwa jiwe, na mapigo yanaanza kupungua. Mwalimu ananiambia nikaze. Nikazeje? Kijana wa dramsi, Nairobi

Usikaze. Kukaza ndiko kunakokugandisha mkono.

Tuanze na kazi yenyewe inavyodai. Nyimbo za kasi za Ramones hukaribia mapigo 180 kwa dakika. Mkono wa kulia unagonga hai-hati, yale matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu wa kushoto, mara mbili kwa kila pigo: mara 360 kwa dakika, sita kila sekunde, bila pumziko. Mkono wa kushoto unagonga sneya, ile ngoma ndogo iliyo mbele yako, kwenye pigo la pili na la nne. Mguu wa kulia uko kwenye ngoma kubwa, pigo la kwanza na la tatu, na hapo katikati huongezwa kagongo kadogo pale wimbo unapodai. Hakuna kuzunguka ngoma zote kwa mbwembwe. Tommy alikaa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa Johnny alipiga gitaa kwa mkono unaoshuka tu, chini, chini, chini, na gitaa la namna hiyo likikutana na dramsi zenye madoido linasikika kama mkokoteni unaobomoka.

Mkono unaganda kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kushika kijiti kwa ngumi. Kijiti kishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, kama theluthi moja kutoka kitakoni, na vidole vitatu vilivyobaki vikiguse bila kukibana. Jaribu hivi: gonga sneya mara moja na uache. Kijiti kikiruka chenyewe mara nne au tano kabla ya kutulia, mshiko ni mzuri. Kikifa baada ya moja, umekinyonga. Ya pili ni kuinua kifundo cha mkono upya kwa kila pigo. Gawa mapigo mawili mawili. La kwanza piga kifundo kikishuka, shingo ya kijiti ikigusa ukingo wa toazi, sauti nzito. La pili piga kifundo kikipanda, ncha ya kijiti ikigusa juu ya toazi, sauti nyepesi. Masikio yatasikia mapigo 360, kifundo kitakuwa kimefanya mizunguko 180. Ukisikia mapigo yote yana uzito sawa, umerudi kwenye kuinua upya, na ndani ya dakika moja utaganda tena.

Kisha kagua kiti na stendi, maana wengi huhangaika na mkono wakati tatizo liko kwenye urefu. Kaa mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Sneya iwe usawa wa mkanda au juu yake kidogo. Hai-hati iwe juu ya sneya kama sentimita 15 hadi 20: ikiwa chini zaidi, mkono wa kushoto utagongana na wa kulia, ikiwa juu zaidi, utanyanyua bega, na bega lililonyanyuka huchoka kabla ya kifundo. Vijiti namba 5A, unene kama milimita 14, vinakutosha. 5B vya milimita 15 ni vizito kidogo, vinatoa sauti kubwa, lakini usivihamie kabla mshiko haujatulia.

Mazoezi: weka metronomu ya simu, programu inayohesabu mapigo kwa dakika, kwenye 120, upige dakika mbili mfululizo hai-hati, sneya na mguu pamoja. Ukifanikiwa mara tatu bila kuchelewa wala kukaza, ongeza nne, yaani 124. Kutoka 120 hadi 180 ni ngazi 15. Ukikaa siku tatu kwa kila ngazi, ni mwezi mmoja na nusu, na hakuna njia fupi ya halali. Ukikwama, shuka ngazi mbili, usilazimishe. Joto kwenye misuli ya kigasha ni kawaida. Maumivu makali kwenye kifundo au ganzi vidoleni si kawaida: simama, pumzika siku hiyo, na ukirudi anza chini.

Kama dramsi hazipo nyumbani, kata mbao ya plaiwudi sentimita 30 kwa 30, gundisha juu yake kipande cha mpira wa tairi chenye unene wa milimita sita hivi. Mwendo wa kijiti ni karibu ule ule, na majirani watalala.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Kwenye albamu ile ya 1976, besi imewekwa upande wa kushoto, gitaa kulia, dramsi na sauti katikati. Vaa spika ya sikio la kushoto peke yake, gitaa litatoweka karibu lote, ubaki na besi na dramsi. Msikilize Tommy hapo, kisha piga juu yake. Hakikisha simu haijawekwa sauti ya mono kwenye mipangilio, vinginevyo pande zote zitachanganyika na hila haitafanya kazi.

Nina miaka 58, nimekulia kwenye dansi, Mlimani Park na Franco. Binti yangu wa miaka 17 anasikiliza panki ya Wazungu tangu asubuhi. Kwangu ni kelele tupu. Ni kelele kweli, au ni uzee? Na kwa nini asipende muziki wetu? Baba, Morogoro

Mzee wetu, tukujibu kwa heshima na bila kukuficha: kuna mchango wa umri, na kuna mchango wa mazoea, na wa mazoea ni mkubwa zaidi.

Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, waliwasikilizisha watu 108 wa miaka 16 hadi 86 vipande vya nyimbo zilizovuma miaka mbalimbali. Upendo ulifika kilele kwa nyimbo zilizotamba msikilizaji alipokuwa na miaka kama 24, kisha ukashuka pande zote mbili. Kwa hesabu hiyo, sikio lako lilipigwa muhuri mwanzoni mwa miaka ya 1990. La binti yako bado liko wazi. Na mwaka 2013 Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha na mwenzake utafiti wa vijana wa miaka kama 20, wakakuta jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: vijana wale walikuwa na mapenzi ya pekee kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Wamezisikia wakiwa watoto, nyumbani, mzazi akiwa na furaha. Kwa hiyo Franco wako tayari amo ndani ya binti huyo. Ukimkataza panki na kumshurutisha dansi ndipo utamtoa.

Sasa habari ya kelele. Wimbo wa Franco "Mario" wa mwaka 1985 unapita dakika 14. Albamu nzima ya kwanza ya Ramones, nyimbo 14, ni dakika 29. Sikio lililozoea wimbo unaoanza taratibu, ukahadithia, kisha ukafunguka sebene, linangoja sebene ambayo haiji. Wimbo unakwisha ukiwa bado unangoja. Halafu gitaa la panki limejazwa mkwaruzo kwenye amplifaya, na halina ile solo inayoongea. Ukitafuta gitaa linaloongea utaona fujo tu. Tafuta mdundo na kiitikio, kwa kuwa huko ndiko walikoweka kazi yao.

Na wewe si mzazi wa kwanza kukasirika. Desemba 1, 1976 Sex Pistols, bendi ya panki ya London, walitukana kwenye kipindi cha televisheni jijini London cha Bill Grundy, saa ya watu kula jioni na watoto wao. Magazeti yakaripoti dereva mmoja wa lori aliyeipiga teke televisheni yake hadi ikapasuka. Kumbi nyingi zikafuta maonyesho yao. Vijana wenyewe walikuwa wanawakataa kaka zao: John Lydon, mwimbaji wao, alivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandikia kwa mkono kwamba anawachukia. Walichoka na nyimbo za roki za dakika 20. Paul Cook, mpiga dramsi wa bendi hiyo, alizaliwa 1956. Leo ni mtu mzima kukuzidi wewe, na wapo wajukuu wa mashabiki wake wanaosikiliza vitu ambavyo babu zao hawavielewi.

Kama unataka kumsogelea binti, usianzie kwenye bendi anayoisikiliza leo. Anzia mahali ambapo panki na muziki wa watu weusi vilikutana. Kwenye klabu ya Roxy, London, mwaka 1977, mpiga santuri alikuwa Don Letts, kijana wa wazazi wa Kijamaika, na kwa kuwa rekodi za panki zilikuwa bado chache alijaza usiku kwa rege. Hapo utaelewa kwa nini bendi ya panki ya The Clash iliingiza rege kwenye albamu yao ya kwanza mwaka huo huo. Kisha mwombe akuwekee Bad Brains wa Washington, weusi wote wanne: mwimbaji H.R. na mdogo wake Earl Hudson kwenye dramsi. Wanapiga panki ya kasi ya kutisha, kisha wanatulia kwenye rege, ndugu yule yule kwenye dramsi zile zile. Sikiliza Earl anavyovuka kutoka moja kwenda nyingine. Na kama binti anadhani panki ni ya Wazungu peke yao, mwambie awatafute Crystal Axis wa Nairobi.

Zamu yako ikifika, usimwekee dakika 14 mara ya kwanza. Mwekee sebene peke yake, dakika tatu, na umwambie asisikilize gitaa. Asikilize mpiga dramsi anavyoshikilia mwendo bila kuyumba wakati magitaa matatu yanakimbizana juu yake. Kazi hiyo binti yako anaijua. Ndiyo aliyoifanya Tommy chini ya gitaa la Johnny. Akishaisikia, mrudishie wimbo mzima. Nyimbo mbili kwa siku, wake mmoja, wako mmoja, bila maoni hadi uishe, ni bora kuliko hotuba.

Mwanangu anapiga dramsi kwenye chumba cha bati cha futi kumi kwa kumi. Masikio yake yatadhurika? Mama, Tabora

Ndiyo, Mama, kama hajajikinga, na sikio likishapoteza uwezo huo halirudi. Kipimo kinachotumiwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Dramsi zinazopigwa kwa nguvu chumbani huweza kupita 100, na bati huirudisha sauti badala ya kuimeza. Pamba haikingi vya kutosha. Mnunulie vizibo vya sifongo. Avisokote viwe vyembamba, avute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, asukume ndani, ashikilie sekunde 20 hadi 30 hadi kivimbe. Kikiwa kimekaa sawasawa, sauti yake mwenyewe akiongea itasikika kama imetoka ndani ya kichwa. Kikionekana kimechomoza nusu nje, hakijakaa, arudie.

Tandika mkeka mzito au zulia chini ya dramsi ili ngoma kubwa isitambae mbele kila akikanyaga, na tundika mablanketi mawili kwenye kuta zinazotazamana. Hayatazuia sauti kutoka nje, ila yatapunguza ile inayomrudia. Avue vizibo na kupumzika robo saa kila baada ya dakika 45. Akilalamika mlio wa nzi masikioni unaobaki hadi asubuhi, asipige siku hiyo, na mlio ukizidi siku mbili mpeleke kwa daktari wa masikio.